Nyimbo za Buhaya na Vyombo vya Kigeni

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jambo ambalo wengi wamelisikia kwa masikio yao, lakini si wengi waliokaa wakalifikiri. Jambo lenyewe ni hili: jinsi nyimbo za zamani za nchi ya Buhaya, katika wilaya za Bukoba na Muleba, zilivyokutana na gita, kinanda na mitambo ya studio, na yaliyotokea baada ya kukutana.

Mfano ulio mkubwa kupita yote ni albamu ya kwanza ya mwimbaji Saida Karoli. Albamu ni mkusanyiko wa nyimbo zilizotiwa pamoja katika kanda moja au sahani moja. Saida alizaliwa mwaka 1976 katika kijiji cha Rwongwe, Bukoba, na albamu yake ilitoka mwaka 2001. Ilijulikana zaidi kwa ajili ya wimbo mmoja uitwao Maria Salome. Wimbo huo ulivuka mipaka ya Kagera, ukapigwa katika redio na sherehe za Tanzania nzima, ukapendwa hata Uganda na Rwanda. Watu wasiojua hata neno moja la Kihaya waliuitikia.

Mtu mmoja akisikia habari hii atafurahi na kusema, "Tazama, ngoma yetu imepata heshima." Mwingine atauliza, "Je, huo bado ni wimbo wa Kihaya, au ni wimbo wa mjini uliovikwa nguo za kijijini?" Maswali hayo si ya bure. Kuyajibu kwahitaji tutazame mambo mawili, la kwanza katika muziki wenyewe na la pili katika karatasi. Katika muziki tuulize: nani ni mwenyeji, na nani ni mgeni? Katika karatasi tuulize: nani ni mwenye mali? Wimbo waweza kushinda katika swali la kwanza ukashindwa katika la pili, na hapo ndipo wengi walipoumia.

NYIMBO ZA ASILI

Kabla ya kusema habari za mgeni, inafaa tumjue mwenyeji.

Chombo kilicho mashuhuri kuliko vyote katika Buhaya ni nanga, ambayo kwa Kihaya huitwa enanga. Ni ubao mrefu uliochongwa ukawa na tumbo mfano wa sinia au mtumbwi mdogo. Juu yake hupitishwa uzi mmoja, tangu zamani wa kano za mnyama, ukienda na kurudi katika pengo za ncha mbili za ubao, hata zikapatikana nyuzi saba au nane. Mpigaji huketi, akaiweka nanga mbele yake au mapajani, akazikwanyua nyuzi kwa vidole vya mikono miwili huku akiimba.

Wimbo wa nanga si wimbo mfupi wa kuchezea. Aghalabu ni hadithi ndefu ya mashujaa, ya wafalme na vita vyao, ya wapenzi, ya misiba, na ya Mugasha, ambaye katika masimulizi ya Wahaya ni mwenye enzi ya ziwa na dhoruba. Hadithi moja yaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Mwimbaji husimulia, mara huigiza sauti za watu mbalimbali, mara huinyamazisha nanga ili neno moja lisikike peke yake. Mmoja wa mafundi wakubwa wa kazi hii katika karne ya 20 alikuwa Habibu Selemani, aliyefariki mwaka 1993. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amefanya kazi ya miaka mingi ya kukusanya tenzi za nanga na kueleza maana yake, na kwa kazi hiyo mengi yaliyokuwa katika vichwa vya wazee sasa yamo katika maandishi.

Mbali ya nanga kulikuwa na muziki wa nyumba za wafalme. Buhaya ya zamani ilikuwa na tawala nyingi: Kiziba, Kianja, Kyamtwara, Bugabo, Maruku, Ihangiro na nyingine. Ihangiro ndiyo nchi ambayo leo iko katika wilaya ya Muleba. Mbele ya mfalme, ambaye huitwa Omukama, ilichezwa ngoma ya omutoro, na baragumu za amakondere zilipulizwa. Kila mpigaji wa baragumu alikuwa na sauti yake moja tu, naye alingoja zamu yake. Zamu zilipofuatana sawasawa, wote pamoja walitoa wimbo mmoja. Tena kulikuwa na majigambo yaitwayo ebyebugo, ambayo mtu mume aliyatamka mbele ya mkuu wake kwa haraka na kwa kishindo, akitaja matendo yake na kuahidi utii. Na wanawake walikuwa na nyimbo zao za harusi, za kulea watoto na za kazi.

Tabia moja yaunganisha nyimbo nyingi katika hizo: mmoja huongoza na wengi huitikia. Anayeitikia hatazami tu kama mgeni mlangoni. Yeye ni sehemu ya wimbo, na pasipo yeye wimbo haukamiliki.

KUFIKA KWA VYOMBO VYA KIGENI

Mchanganyiko wa muziki haukuanza mwaka 2001. Mapadri Weupe walifanya makao yao Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Seminari ya Rubya, katika nchi ya Ihangiro, ilianza mwaka 1904. Walutheri wa Bethel kutoka Ujerumani walifika Bukoba mwaka 1910. Pamoja na vitabu na shule, misheni ilileta tenzi za kanisani, kinanda, na desturi ya kuimba kwa sauti nne zinazokwenda pamoja, za juu na za chini. Baadaye gramafoni iliingia pamoja na santuri zake, kisha gita, kisha redio.

Inafaa mwanafunzi atambue jinsi chombo cha kutunza sauti kinavyobadili wimbo wenyewe. Santuri ya zamani, ile iliyozunguka mara 78 kwa dakika, iliweza kuchukua dakika tatu hivi tu kwa upande mmoja. Fikiri sasa juu ya mpigaji wa nanga ambaye hadithi yake ni ya saa nzima, naye ameketi mbele ya mashine isiyoweza kungoja. Hana budi kuchagua: aimbe mwanzo peke yake, au aikate hadithi vipande, au atunge wimbo mfupi. Hata hivyo ni heri waliorekodi wakarekodi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake akinasa nyimbo za makabila, na nanga ya Wahaya imo katika aliyoyanasa. Wale waliopiga siku hiyo wamekufa, lakini vidole vyao vyasikika hata leo.

MAMBO MATATU YALIYO MAGUMU

Mtu aweza kudhani kwamba kuchanganya muziki ni kama kuchanganya maharage na ndizi: vyote hutiwa chunguni, moto hufanya kazi. Sivyo. Kuna mambo matatu yanayoleta shida.

La kwanza ni sauti zenyewe. Nanga, kama vyombo vingi vya nchi zinazozunguka ziwa, hutengenezwa kwa ngazi ya sauti tano. Ukimaliza ya tano unarudi katika ile ya kwanza, ila kwa juu zaidi. Kinanda cha Wazungu kina ngazi ya sauti saba, na katikati yake vibonye vyeusi. Mwanafunzi aliye karibu na kinanda cha kanisa aweza kujaribu: apige vile vibonye vyeusi peke yake, vitano mfululizo. Atasikia kitu kinachofanana na nyimbo za nyumbani. Lakini akisikiliza kwa makini ataona kwamba hakifanani kabisa, kwa kuwa nafasi kati ya sauti na sauti katika nanga si zile zilizofungwa katika kinanda. Mpiga nanga hukaza au hulegeza uzi wake mpaka sikio lake liridhike. Kinanda hakiulizi sikio la mtu. Kilikwisha kuamuliwa kiwandani. Basi kinanda na nanga vikipigwa pamoja, mmoja hana budi kumfuata mwenziwe, na mara nyingi sana ni nanga inayolazimishwa kufuata.

La pili ni mapigo. Katika ngoma nyingi za nchi hizi mkono mmoja hupiga mawili katika muda uleule ambao mwingine hupiga matatu. Jaribu: gonga mguu mara mbili huku ukipiga kofi mara tatu kwa nafasi zilizo sawa, vyote vianze pamoja na viishe pamoja. Ni vigumu mwanzoni, lakini mtoto aliyekulia penye ngoma hufanya bila kufikiri. Mashine ya ngoma ya studio, ikiachwa kama ilivyotoka, hupenda kuhesabu nne, nne, nne, bila kuchoka na bila kukosea. Ikipewa uongozi, yale matatu hufa, na mchezaji hujikuta akiruka mahali ambapo zamani mabega yake yalijua kusema.

La tatu ni maneno. Kihaya ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, nako kwaweza kutofautisha maana. Kiswahili hakina tabia hiyo. Kwa hiyo mtunzi wa Kihaya hayuko huru kutia neno lolote katika tuni yoyote. Tuni yake aghalabu hufuata mwendo wa maneno, kama mto ufuatavyo bonde. Tenzi za Ulaya zilipotiwa maneno ya Kiafrika, tuni ilikuwa imekwisha kutungwa kwa ajili ya Kijerumani, Kilatini au Kiingereza. Neno lililotaka kushuka lilisukumwa kupanda. Watu waliimba kwa imani na walielewana kwa kuzoea, lakini lugha ilikwenda ikichechemea.

Mambo haya matatu ndiyo kipimo chetu. Mtu akituuliza kama albamu fulani ni mchanganyiko mzuri, tusitazame tu kama waimbaji wamevaa magome ya miti au wameshika ngoma katika picha. Tuulize: Je, sauti ni za nani? Mapigo ni ya nani? Maneno yanakwenda kwa miguu yake au yanaburutwa?

MARIA SALOME KATIKA KIPIMO HICHO

Tukiitia albamu ya Saida Karoli katika kipimo hicho, twaona sababu ya kupendwa kwake. Uongozi wa wimbo umo katika koo la mwimbaji, si katika kinanda. Yeye huanza, na wenziwe huitikia, kama ilivyo desturi penye harusi ya kijijini. Sauti yake haikunyoshwa ili ifanane na ya wanakwaya. Imeachwa na ukali wake mtamu, ule wa mtu aliyezoea kuimba uwanjani, mahali ambapo sauti yashindana na ngoma na vigelegele. Vyombo vya studio vimo, lakini kazi yao ni kujaza na kupamba. Vinatandika mkeka, naye mwenye nyumba ndiye anayeketi na kusema.

Katika lugha pia alifanya jambo la busara. Kihaya hakukiacha, wala hakujifungia humo. Penye Kiswahili, msikilizaji wa Tanga au Lindi alipata mlango wa kuingilia. Penye Kihaya, msikilizaji wa Bukoba na Muleba alijua kwamba anaambiwa yeye. Tena Kihaya ni ndugu wa karibu wa Kinyambo cha Karagwe na lugha za Ankole na Kigezi ng'ambo ya mpaka, wala hakiko mbali sana na Kiganda. Kwa sababu hiyo wimbo ulipofika Uganda haukufika ugenini kabisa. Ulifika kwa shangazi.

Mithali yetu yasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Katika Buhaya mgeni akifika hupewa kwanza kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa, kama alama ya kukaribishwa. Baada ya heshima hiyo huja kazi. Hivyo ndivyo ifaavyo kutendewa gita na kinanda. Vikaribishwe kwa heshima, kisha vipewe jembe, vilime shamba la mwenyeji. Mgeni akipewa funguo za ghala siku ya kwanza, mwenye nyumba ataomba chakula katika nyumba yake mwenyewe.

Lakini haifai kudhani kwamba albamu kama hiyo imeokoa kila kitu. Hadithi ya nanga ya saa nzima haimo ndani ya wimbo wa dakika tano, wala haiwezi kuwamo. Wimbo wa mapenzi unaochezwa harusini waweza kusafiri. Utenzi wa vita vya wafalme, wenye maneno ya kale ambayo hata vijana wa Kamachumu na Kanyigo huuliza maana yake, hausafiri kwa urahisi hivyo. Basi tusiseme, "Saida ameimba, mila imehifadhiwa." Albamu imehifadhi upande mmoja wa nyumba. Upande mwingine wahitaji watu wa kuutunza kwa njia nyingine.

YALIYOWAPATA WAZULU

Mambo haya hayakutokea kwetu peke yetu. Huko kusini mwa Afrika, Wazulu walikutana na muziki wa kigeni mapema, katika misheni na katika miji ya migodi, na habari zao zatufundisha upande wa furaha na upande wa majonzi.

Upande wa furaha ni huu. Johnny Clegg, kijana mwenye asili ya Uingereza, alijifunza gita la Kizulu na michezo ya Kizulu mjini Johannesburg. Akafanya urafiki na Sipho Mchunu, Mzulu aliyekuja mjini kutafuta kazi, nao wakaanzisha kundi lililoitwa Juluka, neno la Kizulu lenye maana ya jasho. Mwaka 1979 walitoa albamu yao ya kwanza, Universal Men, ambayo ilichanganya nyimbo za Kizulu na mtindo wa Magharibi, na maneno ya Kiingereza na Kizulu. Hayo yalikuwa katika siku ambazo serikali ya Afrika Kusini ilitenganisha watu kwa rangi, na mweupe na mweusi kusimama pamoja jukwaani kulikuwa jambo la hatari. Wawili hao walionyesha kwamba mchanganyiko waweza kuwa mapatano ya watu wanaoheshimiana, kila mmoja akijua kazi ya mwenziwe.

Upande wa majonzi ni habari ya Solomon Linda. Huyu alikuwa Mzulu wa nchi ya Msinga, aliyekwenda Johannesburg kufanya kazi. Yeye na wenziwe waliimba kwa sauti nyingi za pamoja, mtindo ulioonja kwaya za misheni na nyimbo za harusi za Kizulu. Mwaka 1939 walirekodi katika studio ya Gallo wimbo ulioitwa Mbube, maana yake Simba. Linda aliuza haki ya wimbo ule kwa kampuni kwa fedha chache mno. Wimbo ulifika Marekani. Makundi ya huko yakauimba na kuubadili, na mwaka 1961 kundi la The Tokens liliutoa kwa maneno ya Kiingereza, ukajulikana duniani kote. Mwaka 1962 Linda alikufa maskini. Mwaka 1994 wimbo ulisikika ndani ya filamu ya The Lion King, iliyotazamwa na mamilioni ya watu, na wengi wao hawakujua kwamba simba yule alikuwa wa Mzulu mmoja.

Warithi wake walipelekea madai mahakamani, wakitegemea sheria ya zamani ya dola ya Uingereza ya mwaka 1911, ambayo ilisema kwamba miaka 25 baada ya kufa mtunzi haki zirudi kwa warithi wake. Mapatano yalifanyika mwaka 2006, nao wakapata sehemu ya fedha. Kati ya siku ya kuimba na siku ya mapatano ilipita miaka 67. Baba hakuonja, watoto walionja wakiwa watu wazima.

Tazama, msomaji: katika muziki Linda alikuwa mwenyeji kamili. Wimbo ulikuwa wa Kizulu, sauti yake iliongoza, wageni wote walimfuata. Katika karatasi hakuwa na kitu.

NANI MWENYE MALI?

Ndiyo sababu yafaa kila mwimbaji wa Bukoba na Muleba, na kila mzazi mwenye mtoto apendaye kuimba, ajue kwamba wimbo mmoja uliorekodiwa waweza kuwa na haki za watu mbalimbali.

Haki ya kwanza ni ya mtunzi, yaani aliyetunga maneno au tuni. Ya pili ni ya mwimbaji na wapigaji, kwa ajili ya sauti na mikono yao iliyonaswa. Ya tatu ni ya mtayarishaji, yaani aliyelipia na kusimamia kurekodi. Mtu mmoja aweza kuwa nazo zote tatu, au zaweza kugawanyika kwa watu watatu wasiojuana. Na kila moja yaweza kuuzwa au kukodishwa kwa mkataba. Nyuma ya hizo kuna mali ya nne, ambayo haina jina la mtu mmoja: tuni za wahenga, mapigo ya omutoro, mwendo wa nanga. Hizo ni za jamii yote.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Sheria hiyo ilipotungwa ilimpa mtunzi haki katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Tena ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, ili mali ya jamii isichukuliwe kwa biashara kama kitu kisicho na mwenyewe. Haki ya mtunzi huanza pale anapotunga, haingoji muhuri. Walakini kusajili kazi katika ofisi ya COSOTA humpa mtu ushahidi wa kuonyesha siku ya ugomvi. Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Neno hilo lilisemwa kwa wenye maduka, nalo lawafaa waimbaji vilevile.

Umuhimu wa jambo hili ulionekana wazi mwaka 2016. Mwaka huo Diamond Platnumz pamoja na Rayvanny walitoa wimbo wa Salome, uliojengwa juu ya msingi wa Maria Salome. Vijana waliokuwa watoto wadogo mwaka 2001 waliucheza, na wengi wakarudi nyuma kuutafuta ule wa kwanza. Jina la Saida Karoli likatajwa upya, na mwaka 2017 yeye mwenyewe alitoa wimbo wa Orugambo. Hivyo wimbo uliochanganywa mara moja ulichanganywa mara ya pili, na bado mzizi wake wa Buhaya ulitambulikana.

Wimbo wa namna hiyo unapoamka baada ya miaka kumi na mitano, wimbo wenyewe hautoi shahada. Atakayeulizwa ruhusa ni yule ambaye karatasi yamtaja, na fedha hufuata njia iliyoandikwa katika mkataba wa siku ile ya kwanza, siku ambayo mwimbaji kijana alikuwa na furaha ya kuingia studio na hakutaka kusumbua watu kwa maswali.

YANAYOTUPASA KUFANYA

Mwimbaji anayetaka kurekodi na asome mkataba wake kabla ya kutia sahihi. Ikiwa umeandikwa kwa lugha asiyoijua, na atafute mtu wa kumfasiria, asiyekuwa mtumishi wa upande ule mwingine. Aulize mambo manne kwa uwazi: nauza au nakodisha? Kwa miaka mingapi? Nitalipwa mara moja au kila wimbo unapouzwa? Mwingine akitaka kuurudia wimbo huu, nani atakayetoa ruhusa? Nakala ya mkataba aichukue nyumbani aitunze, kama anavyotunza hati ya kibanja chake.

Mpiga gita au kinanda atakayefanya kazi na waimbaji wa nyumbani, na aanze kwa kusikiliza. Akae na ngoma mpaka ajue yale mawili na matatu. Amwombe mpiga nanga amwonyeshe sauti zake tano, kisha alifanye gita lake lifuate, kwa maana nyuzi za gita hukazwa na kulegezwa kama za nanga, na kwa hiyo gita ni mgeni mwepesi kufundishika kuliko kinanda.

Wanafunzi nao wana kazi yao, tena haihitaji fedha. Katika vijiji vya Bukoba na Muleba wako wazee wanaojua nyimbo ambazo hazimo katika albamu yoyote. Nenda kwa babu au nyanya, omba ruhusa, uandike wimbo wote, si kipande kinachochekesha tu. Andika jina la aliyeimba, kijiji chake, tarehe, na wimbo huo huimbwa wakati gani: wa harusi, wa kazi, au wa kulaza mtoto. Neno la kale usilolifahamu usilibadili liwe la leo. Liandike kama lilivyotamkwa, kisha uulize maana yake na kuiandika pembeni. Ukiwa na simu inayonasa sauti, nasa wimbo mzima bila kuukata, kwa sababu ile mipaka ya dakika tatu ya santuri imekwisha ondoka, na leo hakuna tena sababu ya kumwambia mzee, "Fupisha."

Siku moja mmoja wa wanafunzi hao ataingia studio na kuimba. Kinanda kitakuwapo, na vyombo vipya ambavyo sisi hatujaviona. Akiwa amejifunza wimbo kwa nyanya yake, na jina la nyanya limo katika daftari lake, atajua ni nani wa kukaribisha na ni nani wa kukaribishwa.